Kutoa Ukanda wa Ubavuni mwa Gari: Jueni Kilicho Nyuma Yake



Kikundi kimoja chenye kina mama na vijana kimetuuliza swali ambalo tumeona lifae kuwa somo la wote. Wana gari la steshini walilolinunua kwa akiba ya miaka mingi. Siku za soko hubeba mboga, na Jumamosi hukodishwa kwa arusi. Vijana wao wameona magari mjini ambayo ubavu wake ni laini kabisa, hauna ule ukanda mweusi wa plastiki unaopita katikati ya milango, nao wanataka gari la kikundi liwe hivyo. Wanasema litaonekana safi, na watu wa arusi watalipa vizuri. Mwenyekiti anasema hapana, mtaharibu mali ya watu. Sasa wametuachia sisi tuamue!

Hatutaamua kwa niaba yao. Lakini tunaweza kueleza kazi yenyewe ilivyo, halafu kila kikundi kipime. Jibu fupi ni hili: ukanda uliobandikwa kwa gundi hutoka kwa kazi ya asubuhi moja na gharama ndogo. Ukanda ulioshikwa kwa klipu zilizoingia ndani ya matundu ya bati ni habari nyingine kabisa. Huo ukiutoa unabaki na mlango wenye matundu, na matundu hayo yanataka fundi wa kuchomea na rangi. Kwa hiyo msianze kuvuta kitu chochote kabla hamjajua ni upi mnao.

UKANDA ULIWEKWA KWA NINI

Ukanda huu uliwekwa kwanza kuzuia milango isigongwe na milango ya magari mengine mahali pa kuegesha. Jambo la pili ni urembo tu, kwa kuwa kuna wakati ambapo watengenezaji waliona gari bila mstari ubavuni ni kama shati bila vifungo. Huku kwetu kijijini nani anagonga mlango wako kwa mlango wake? Mbuzi labda. Basi faida yake ya kwanza kwetu ni ndogo.

Hasara yake, kwa upande mwingine, twaijua sana. Nyuma ya ukanda, hasa sehemu ya juu ambapo unaachana kidogo na bati, vumbi huingia wakati wa kiangazi. Mvua zikija vumbi lile huwa tope, na tope hukaa na unyevu wiki nzima hata kama gari limekauka kwa nje. Wenzetu wa Mombasa, Kilifi na Malindi wana shida ya ziada, maana hewa yao ina chumvi. Bati lenye mkwaruzo, likipata unyevu usioondoka pamoja na chumvi, hushika kutu upesi sana. Na kama bati lile lilitobolewa ili klipu ipite, ukingo wa tundu ndio mahali pa kwanza kutu kuanzia, kwa sababu hapo rangi ni nyembamba na klipu huisugua kila gari likitikisika.

GUNDI AU KLIPU?

Hebu tuanze uchunguzi. Osheni gari vizuri, kisha mfungue mlango na kutazama mwisho wa ukanda. Mkiona kitu kama sponji nyembamba, nyeusi au kijivu, kati ya ukanda na bati, hiyo ni gundi ya sponji yenye kunata pande mbili. Mkiona nafasi, na ukanda unachezacheza ukiubonyeza, huenda ni klipu.

Msitosheke na hapo. Magari mengine yana vyote viwili: gundi urefu wote, na kijiti cha plastiki kilichoingia tunduni kwenye kila mwisho ili ukanda ukae sawa. Njia ya hakika ni kutazama kutoka ndani. Toeni ule ubao wa ndani ya mlango taratibu (skrubu za mahali pa kushikia mkono kwanza, kisha vifungo vya plastiki vya pembeni), fungueni nailoni iliyo nyuma yake bila kuichana, na mmulike kwa tochi. Kama bati ni zima, bila kitu kilichochungulia, ni gundi tu. Mkiona vichwa vidogo vya plastiki au vya chuma vimepenya, vihesabuni. Mlango mmoja unaweza kuwa na matundu kadhaa, na kila tundu ni kazi na ni pesa. Bawa la mbele mnaweza kulitazama kutoka chini, upande wa gurudumu, na la nyuma kutoka ndani ya buti.

Magari ya zamani yenye ukanda wa bati linalong'aa, karibu yote yanatumia klipu. Hayo sisi tungeyaacha yalivyo. Ukanda ule una uzuri wake, na siku hizi kuna watu wanaoyatafuta magari hayo yakiwa na kila kitu chake.

Kabla hamjafunga ubao wa mlango, fanyeni jambo moja ambalo halihusu urembo. Chini kabisa ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo na kuingia ndani ya mlango kila siku. Hilo si kosa, limekusudiwa, mradi yatoke. Vitundu vile vikizibwa na tope, maji hukaa na mlango huoza kutoka ndani. Vizibueni kwa waya laini. Kazi hii haina malipo wala sifa, lakini inaokoa milango mingi kuliko rangi.

KAZI YENYEWE

Tuseme mmeona ni gundi. Mtahitaji uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mnene kidogo, kiasi cha mita moja, vitambaa safi, maji moto, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, kipande cha plastiki ngumu kama rula ya mtoto wa shule, mafuta taa kidogo, na sabuni. Bisibisi na kisu viacheni nyumbani. Tumeona milango yenye mikwaruzo mirefu ya bisibisi ambayo ilikuwa mizima kabla ya mtu kuamua kuisafisha.

Bandikeni tepu juu na chini ya ukanda ili kulinda rangi. Kisha gundi ipashwe moto, maana ikiwa baridi ni ngumu na inaweza kuondoka na rangi. Wa Kitui, Garissa na pwani hawana shida: waliweke gari juani, ubavu ukitazama jua, na saa saba mchana gundi itakuwa imelegea yenyewe. Wa Limuru au Kinangop mwezi wa Julai watatumia maji moto. Loweka kitambaa, kamua kidogo, kiweke juu ya ukanda kwa dakika chache, rudia. Mwenye rafiki wa saluni anaweza kuazima ile drai ya kukaushia nywele. Kipimo ni mkono wako: kiganja kikishindwa kutulia juu ya bati kwa sababu ya moto, mmezidisha. Msitumie jiko, pasi ya makaa wala moto wa gesi. Rangi itatoka malengelenge, na gari lina petroli ndani, jamani.

Halafu watu wawili wasimame huku na huku. Wapitishe uzi nyuma ya mwisho wa ukanda, kila mmoja ajizungushie ncha yake kwenye kijiti (usipofanya hivyo uzi utakukata vidole), wakivuta huku na kule kama wakatao mti kwa msumeno. Uzi ukae karibu na ukanda, usikwaruze bati. Mtakwenda polepole, labda dakika kumi kwa mlango mmoja. Mkifika mahali uzi umekwama, simameni. Pengine hapo pana kijiti kimeingia tunduni. Msikivute kwa nguvu. Kibanweni kwa koleo kutoka ndani ya mlango, kitoke kizima.

Kila ukanda ukitoka, andikeni nyuma yake: mlango wa mbele kulia, wa nyuma kushoto, na kadhalika, kisha mweke stoo. Kupata mwingine wa gari lile lile kunaweza kuwa kazi.

Gundi iliyobaki itaonekana mbaya. Usikate tamaa. Nyingi yake hutoka kwa kuisugua kwa kidole gumba ikiwa bado ina joto, inajikunja kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Inayobaki ipakeni mafuta taa kwa kitambaa, ngojeni dakika kama kumi, kisha ikwangueni kwa ile rula ya plastiki. Rudieni mpaka iishe na muoshe kwa maji ya sabuni.

Mafundi wengine watawaambia mtumie thina, inafanya haraka. Ni kweli inafanya haraka, lakini rangi iliyopakwa gereji mara nyingi huyeyuka kwa thina. Rangi ya kiwandani iliyokaushwa kwa joto huvumilia mpanguso mmoja. Mkitaka kujua gari lenu ni lipi, jaribuni mahali pa siri, kama ndani ya ukingo wa mlango wenyewe, kwa kitambaa chenye tone moja. Rangi ikibaki kitambaani, weka thina mbali. Petroli nayo tusiseme mengi. Hakuna gari safi linalofaa mtu kuungua.

SASA TAZAMENI

Hapa ndipo tunapotaka vikundi vitulie. Ukanda umekuwa umefunika sehemu ile ya bati tangu siku ulipobandikwa, kwa hiyo ni shahidi. Ukiondoka unaeleza habari ambazo pengine aliyewauzia gari hakuzieleza.

Jambo la kwanza mtakaloona karibu kila gari ni mstari wa rangi iliyo kolevu kuliko sehemu nyingine. Hiyo ni rangi ambayo jua halikuifikia. Gari jekundu huonyesha tofauti kubwa, jeupe ndogo. Polishi ya kusugulia, ile mafundi waiitayo kompaundi, ikisuguliwa kwenye rangi iliyopauka pande zote hupunguza tofauti, na kwa magari mengi inatosha. Ikiwa ile tabaka ya juu inayong'aa imeshaanza kubanduka kama ngozi iliyochomwa na jua, kompaundi haitasaidia kitu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mnaweza kukuta kwamba chini ya ukanda ni rangi tofauti kabisa, au kuna ngazi ndogo mnayoweza kuisikia kwa ukucha pale rangi ya nje inapokomea. Maana yake gari lilipakwa rangi upya na ukanda haukutolewa. Fundi aliuzungushia tepu tu. Kama ni mlango mmoja pekee ulio hivyo, mlango huo yaelekea uliwahi kugongwa. Chukueni sumaku ndogo, ifungeni kwa kitambaa chembamba, mpitishe polepole kwenye bati. Mahali isiposhika, au inaposhika kwa unyonge, chini ya rangi pamejazwa fila. Sasa mnajua. Na ikiwa mlikuwa na nia ya kuliuza gari, mnunuzi hajui.

Bwana Yesu aliwaambia wakubwa wa dini wa siku zake habari ya makaburi yaliyopakwa chokaa, katika Mathayo sura ya 23. Hatusemi kwamba kupendezesha gari ni unafiki. Mtu huoga kabla ya kwenda kanisani. Lakini kama kikundi kinaondoa ukanda, kinajaza kutu kwa fila, kinapiga rangi na kumwambia mnunuzi kwamba gari halijawahi kuguswa, hapo pana chokaa. Na mnunuzi wa kijijini mara nyingi ni kikundi kingine kama chenu, chenye akiba ya miaka mingi.

Jambo la tatu ni kutu. Ikiwa ni madoa ya juu juu, ikwangueni kwa msasa mpaka bati ling'ae, mpake dawa ya kubadilisha kutu kama inapatikana, kisha praima, kisha rangi. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika tu, itarudi na malengelenge. Ikiwa kutu imetoboa, mko kwenye hesabu ya matundu.

MATUNDU

Mtu atawaambia: tunajaza fila, tunapiga msasa, tunapaka rangi, kwisha. Kwa nje litaonekana kama yai. Lakini kumbukeni tulivyosema, ndani ya mlango maji hupita kila mvua. Fila hunyonya unyevu kutoka nyuma, kutu huanza kwenye ukingo wa tundu, na baada ya muda utaona kidude cha mviringo kimevimba pale pale. Kikibanduka, tundu ni kubwa kuliko la kwanza.

Njia inayodumu ni kuziba kwa bati na kuchomea. Bati la mlango ni jembamba, halifiki hata milimita moja, kwa hiyo fundi achomee nukta nukta, angoje lipoe, aendelee. Akilipasha lote kwa mara moja litajikunja kama karatasi na hapo kazi imekuwa ya kunyoosha bodi. Mzizime betri kwa kutoa nyaya zake, mtoe ubao wa ndani na nailoni, mfunike kioo cha mlango, kwa sababu cheche hushika kwenye kioo na hazitoki tena. Mtu mmoja akae na ndoo ya maji au mchanga. Baada ya hapo praima pande zote mbili, nje na ndani. Upande wa ndani ndio husahauliwa, nao ndio unaopata maji.

Kama pesa ya fundi haipo, kuna njia ya katikati ambayo ni ya unyoofu: vizibo vidogo vya mpira vinavyouzwa maduka ya vipuri, vikipakwa silikoni pembeni. Vitaonekana, si laini kama vijana walivyotaka, lakini maji hayapiti. Au rudisheni ukanda. Ndiyo maana tulisema mwuandike na kuuweka stoo.

Wakati wa kupiga msasa, vumbi la rangi ya zamani huenda lina risasi, na fila ni mbaya kwa mapafu. Vaeni kitambaa cha pua kinachofaa, loweshaneni msasa, watoto wakae mbali. Rangi zile za kuchanganya na dawa ya kukaushia zina sumu ambayo leso haizuii. Hiyo apewe fundi mwenye barakoa yake.

VITU VISIVYOTOLEWA

Vijana wakishaonja kazi hii watataka kutoa kila kitu. Wazuieni. Mpira ulio chini ya kioo cha mlango, upande wa nje, unazuia maji mengi na mchanga visiingie. Ukanda mwembamba wa juu ya paa, kwenye magari mengi, umefunika mahali bati mbili zilipoungana, si urembo. Virudisha mwanga na taa za pembeni ni usalama wenu usiku. Na kwa wenye matatu, ule mstari wa manjano si mapambo hata kidogo. Uliletwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, wakati Waziri wa Uchukuzi alikuwa marehemu John Michuki, na kuufuta kwa ajili ya urembo ni kujiitia askari.

Mkifikia hatua ya kupaka gari zima rangi nyingine, kumbukeni kwamba rangi ya gari imeandikwa katika logibuku. Gari la bluu lenye karatasi za gari jeupe litawapa maswali kila kizuizi. Kutoa ukanda peke yake hakubadilishi chochote huko.

KWA MKUTANO WA KIKUNDI

Mweka hazina aje na bei ya vitu vilivyotajwa hapa kutoka duka la karibu, na bei ya fundi wa kuchomea kwa tundu moja. Someni somo hili kwa sauti, kisha mzungumze:

Gari letu lina gundi au klipu, na nani ameona kwa macho yake kutoka ndani ya mlango?

Kama tungepata kutu nyuma ya ukanda, tuna pesa ya kuimaliza kazi, au tutaendesha gari lenye matundu mpaka mavuno?

Wateja wetu wa arusi wamewahi kulalamika juu ya ukanda? Au walilalamika juu ya viti, breki na kuchelewa?

Siku ya kuuza, nani kati yetu atamwambia mnunuzi tulichokiona, na tutaandika wapi ili atakayekuwa mwenyekiti wakati huo ajue?